Batuli Hajatiwa Macho

Bi Mshauri, shikamoo. Mkono wangu umezoea penseli kuliko kalamu, kwa hivyo niwie radhi kwa mwandiko, nisome tu mpaka mwisho, maana nina jambo ambalo nikimweleza mume wangu acheka, na nikimweleza mamangu atafunga safari kutoka Kaloleni na mganga nyuma yake, na mimi sitaki kicheko wala mganga, nataka mtu mzima aniambie nifanye nini kabla ya arusi ya mwisho wa mwezi.

Mimi ni mchoraji. Shule niliishia kidato cha nne, lakini mwalimu wangu wa sanaa aliniachia kanuni moja ambayo sijaivunja: ukurasa mmoja kila siku, chora kilicho mbele yako, na usifute. Alikuwa akisema buku la mchoraji ni kama mswaki, ni la kila siku na si la kuazimana. Nachora milango ya Mji wa Kale, na Jamaldin mwenye duka la vinyago Ndia Kuu huifanya kadi za kuuzia watalii, tena niko na kitabu cha kuhesabu cha watoto wa nasari, kuku watatu, mapera manne, ambacho sijakimaliza kwa sababu ya haya ninayokuandikia. Lakini mtu wa kumchora kila siku simpati ila Kadzo, mwanangu wa miaka minne, naye akiwa macho hatulii hata umfunge kamba, kwa hivyo humchora mchana anapolala, mimi nimeketi sakafuni na mimba yangu ya pili imenikalia mapajani kama gunia la mchele. Kadzo mwenyewe hulililia hilo buku, hata Jamaldin alimpa krayoni nyekundu ili anyamaze, nikaiweka rafuni, maana ataniharibia kazi.

Tulihamia mtaa huu wa Kuze baada ya mvua za El Ninyo kutuangushia ukuta kule Tononoka. Twakaa chini, mwenye nyumba akaa juu, mjane aitwaye Bi Mwanakuu, mwanamke wa watu, simsemi vibaya, ndiye aliyenipikia uji mimba hii iliponilaza. Siku moja alishuka kuniletea limau akaliona buku liko wazi mkekani, akasimama. Nikadhani atanigombeza, maana nyumba yake haikuwa na picha ya kitu chenye roho hata moja, marehemu mumewe alikuwa hataki. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umemwona wapi Batuli?"

Nikamwambia, "Bi Mwanakuu, huyo ni Kadzo."

"Huyo ni Batuli wangu. Ndivyo alivyokuwa akilala. Hata huo mkono chini ya shavu."

Kumbe alikuwa na binti, huyo huyo mmoja, akafa kwa surua akiwa na miaka minne, katika vyumba hivi vya chini tunavyolala sisi, na hakuacha picha hata ya ukubwa wa stempu. Akalia, nami nikalia, mimba hii yanitoa machozi ya bure, nikasema nitakuchorea.

Sasa mimi siwezi kuchora maneno ya mtu, nachora nikionacho, kwa hivyo nilimlaza Kadzo mbele yangu na Bi Mwanakuu akaketi ubavuni akinirekebisha. "Pua ipunguze. Nyusi zikutane, za Batuli zilikutana kama za babake. Shingo ni hiyo hiyo, iwate hivyo hivyo." Mpaka akaweka kidole juu ya karatasi akasema, "Basi. Ndiye." Macho alinikataza nisiyafumbue, alisema picha isiyo na macho haidai roho, na kumchora mtoto aliyelala si dhambi, kwangu wala kwake.

Nilifikiri yameisha. Akarudi akitaka Batuli wa miaka saba, wa kwenda chuoni kusoma Kurani na mtandio wake, kisha wa miaka kumi, kisha mwanamwali, na kila mmoja nilimchora kwa kumtazama Kadzo, na kila mmoja amelala. Wako huko juu ukutani kwa mpango, na ukifika wakati wa kuswali huwafunika kwa leso, akimaliza huwafunua mmoja mmoja na kuwauliza wameamkaje. Buku langu mwaka huu limekuwa la Batuli. Nikitaka kumchora Kadzo kwa Kadzo, mkono wanitoka Batuli.

Basi Kadzo akaanza kupanda juu kucheza, na mimi nikamwacha, maana nimechoka, Bi Mshauri, nimechoka hata meno, na huko juu kuna upepo na kuna kaimati. Alasiri moja nikasikia juu, "Batuli!" na sauti ya mtoto ikajibu, "Labeka, mama."

Sisi kwetu hatusemi labeka. Mtoto akiitwa huitika "ee," hata umpige. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshika ukuta, na sikumkuta mwengine, ni Bi Mwanakuu na Kadzo, Kadzo amenipa mgongo. Nikaita, "Kadzo!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Bi Mwanakuu akamwambia polepole, "Batuli, waitwa chini," ndipo akageuka akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Tangu siku hiyo nimeanza kuona mengine. Nilipokuwa nikimsuka niliona nyusi zimekutana. Nyusi za Kadzo hazikukutana kamwe, nimerudi kwenye kurasa za zamani nimehakikisha, juu ya pua hapana kitu, na sasa kuna mstari mweusi. Nikamwonyesha Kenga, mume wangu, akacheka, "Kweli amefanana na Bi Mwanakuu. Ngoja aanze kutudai kodi." Halafu mtoto mwenyewe alilala kwenye pembe ya chumba ambayo hatukuwahi kumlaza, nikamuuliza wafanya nini hapo, akasema, "Hapa ndipo nilipougua." Kadzo hajaugua hapo. Kadzo hajaugua tangu tuhamie.

Sasa mtoto wa dada yake Bi Mwanakuu aolewa mwisho wa mwezi, na huyo na Batuli walizaliwa mwezi mmoja, kwa hivyo ataka nimchore Batuli bibi arusi, na safari hii asiwe amelala. "Bibi arusi hafungi mato," aliniambia, mato ndiyo macho kwa wenyeji wa hapa. "Mtie mato sasa." Na kwa kuwa macho hayaelezeki kwa mdomo, Kadzo ndiye atakayekaa mbele yangu akiwa macho, na wiki hiyo nzima alale juu kwake, apate kuzoea. Nikamuuliza, azoee nini? Akanishika tumbo, kwa upole kabisa, akasema, "Wewe, fundi, unaye mwengine yuwaja."

Zamani alikuwa akiniita mama Kadzo. Siku hizi ni fundi.

Kenga asema mchore tu mama wa watu, ni huzuni ya uzee, nyumba kama hii tutapata wapi. Mimi nikikataa naona kama namzika mtoto wake mara ya pili, na nikikubali sijui wangu atateremka na jina gani. Kila nikishika penseli nianze hayo macho, vidole vyakataa. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata langu na la mwanangu, isipokuwa la Batuli, hilo sikuthubutu. Na nimekutilia ukurasa mmoja wa buku, Batuli wa miaka minne amelala, nimeuchana na kuukunja bila kuutazama kwa sababu siku hizi kuwatazama siwezi. Utazame wewe kisha uniambie kama nimeingia wazimu.

Ni mimi,
Mama Kadzo, Kuze

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili niliwasha taa ingawa ulikuwa mchana. Wazimu huna. Una uchovu, una huruma isiyo na mlango, na una mwenye nyumba ambaye anajua kuchora kukushinda wewe.

Wacha mshangao. Chukua pamba, tia mafuta ya nazi, mpanguse mtoto juu ya pua. Huo ni wanja! Mtu wa penseli mzima, umeona mstari uliochorwa ukadhani umeota? Wanawake wa mtaa huo hawampitishi mtoto mbele yao bila wanja, na mwenye nyumba wako ana mkono mzuri. Wewe wamchora Batuli kwenye karatasi, yeye amchora Batuli kwenye uso wa mwanao. Miezi yote hii mmekuwa mkifanya kazi moja, mmoja chini, mmoja juu. Na ikiwa pamba itatoka nyeupe, usikae kuniandikia barua nyingine. Mbebe mtoto uende Kaloleni kwa mamako, na huyo mganga akiwepo, mwamkue.

Labeka nayo ni adabu tu. Mtoto huitika pale anapoitwa kwa upole, kwa jina lolote ambalo limekuja na kaimati. Jiulize wewe wamwita ukitaka nini. Lala. Tulia. Usiguse. Usinikasirikie, nami nimelea nikiwa na mimba, najua mtu anavyoweza kumpenda mtoto wake sana pale tu anapokuwa amelala. Na hiyo pembe aliyougulia Batuli, yuko anayemhadithia. Mtoto wa miaka minne akihadithiwa jambo mara nyingi hulifanya lake.

Bi Mwanakuu si mchawi, na mtu yeyote asimwite hivyo kwa sababu ya gazeti langu. Ni mama aliyezika akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Lakini huzuni ya mtu hailipwi kwa mtoto wa mtu. Na hapa nakugombeza wewe, si yeye. Picha ya kwanza ilikuwa sadaka, Mungu akulipe. Ya pili ilikuwa nini? Mola alimpa Batuli miaka minne. Nani alikuruhusu wewe kumwongezea? Ulijua si sawa, ukaona kuchora ni rahisi kuliko kusema hapana, na ukurasa mmoja kila siku ukamkuza maiti mpaka amefika kuolewa. Sasa ataka macho, kwa nini asitake? Umempa kila kitu kingine.

Kuanzia leo Kadzo hapandi juu peke yake, wala halali huko hata usiku mmoja. Panda wewe, mchana, na tumbo lako, bila buku. Keti chini karibu na miguu yake umwambie hivi: "Mama, Batuli alikuwa wa miaka minne. Ile picha ya kwanza ni yake, ikae. Hawa wengine nilikosa mimi kuwachora, naomba niwateremshe." Atalia. Huenda akakutukana. Usiondoke, na usikubali jambo ili anyamaze. Kisha muulize Batuli alikuwa vipi alipokuwa ameamka, alikuwa akicheka nini, akimtoroka nani, akila nini kwa siri. Nadhani tangu amzike hakuna aliyemuuliza. Wewe sikiliza, mikono mitupu. Akitaka kumpenda mwanao ampende, amfunze labeka, ampe kaimati, lakini kwa jina la mtoto mwenyewe, na wewe akuite mama fulani. Fundi umeacha.

Akiwafukuza, mtatoka. Kuze si kisiwa chote. Na huyo Kenga anayeulizia nyumba kama hii mtaipata wapi, muulize mtoto kama huyu mtampata wapi.

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niwashe taa. Katika barua yako yote umenieleza pua ya mwanao, shingo yake, nyusi zake, mkono wake chini ya shavu. Macho yake nimeyatafuta, hujayataja. Hujawahi kuyachora. Umeficha jina lake usilidhuru, la Batuli ukaliacha wazi kwa kuliogopa, na katika buku lako la mwaka huu nako ni hivyo hivyo, aliyekufa ana kurasa na aliye hai hana.

Wasema ukurasa ulionitumia ni Batuli aliyelala, na kwamba uliukunja bila kuutazama. Mimi nimeukunjua hapa mezani, nikajikuta nimesogeza kiti nyuma. Hajalala. Juu ya kope zako nyembamba mtu ametia macho mawili, duara kubwa za krayoni nyekundu, zimekandamizwa mpaka moja imetoboa karatasi. Huo si mkono wako. Si mkono wa Bi Mwanakuu pia. Ni mkono wa mtu mfupi aliyepanda juu ya kitu akaifikia rafu, akafungua buku alilokatazwa, akajikuta humo amelazwa ukurasa baada ya ukurasa kwa jina la mwengine. Akajifumbua mwenyewe.

Karatasi yako nakurudishia pamoja na jibu hili. Mteremshie krayoni yake. Mkalishe mbele yako akiwa macho, ahangaike, aguse, ukurasa uharibike, na uanze na macho kabla ya kitu kingine chochote. Chini yake andika jina lake la kweli, lile ulilonificha mimi. Kisha mwite kwa jina hilo, mara moja tu, polepole, na ungoje mpaka aitike.