Kikombe cha Kwanza

Mama Ariane,

Maharage yako kwenye jiko la imbabura. Ukirudi kutoka bombani yaongezee maji, makaa bado yana moto.

Nimekwenda Kicukiro kwa miguu na chupa ya chai, kumpelekea Ariane shuleni kwake. Usiniambie mwalimu mzima haletewi chai na baba yake. Aliondoka bila kunywa kwa sababu yangu.

Miaka thelathini umenimiminia kikombe cha kwanza, kwa kuwa dereva wa serikali hutoka alfajiri. Nimestaafu, na leo umenimiminia vilevile. Nami nikakisukuma mbele ya mtoto: "Mpe anayeleta mshahara." Nilijidai nasema ukweli, kumbe nilitaka mnibembeleze. Yeye akalia, wewe ukafuta meza.

~~Jioni msinimiminie kabisa.~~ Nimekata hilo. Ni kiburi kilekile.

Nilipokuwa naosha kikombe ndipo nikakumbuka kwamba wewe hunywa wa mwisho, ile ya chini yenye majani. Hujapokea mshahara hata siku moja maishani, na mimi nimesema mbele yako kwamba asiye na mshahara hastahili chai. Nisamehe.

Jioni nitachemsha mimi, na wewe utakunywa wa kwanza. Lakini niachie sukari mezani. Hii ya Ariane nimeipika bila sukari, maana miaka yote hiyo sijui unaiweka wapi.

Baba Ariane