Sigara Mbili Kabla ya Kisu

3 Machi

Shikamoo Mama,

Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila mabega ni yaleyale, kamba za sidiria zimechimba mitaro. Lakini nimepata tarehe ya kupunguzwa matiti! Ishirini mwezi huu, baada ya kungoja miaka miwili. Daktari amenichorea kwa kalamu: atakata kuzunguka chuchu, ashuke wima, kisha apite chini ya titi, kovu likae kama nanga. Chuchu haiondoi, inabaki imeshikwa na nyama yake ili damu ipite, na nikijaliwa mtoto huenda nikanyonyesha. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Akauliza kama navuta sigara. Nikasema hapana. Mama, navuta mbili kwa siku, nyuma ya ofisi. Nikimwambia ataahirisha, nirudi mkiani mwa foleni. Chana barua hii.

Kitinda mimba wako


9 Machi

Marahaba mwanangu,

Mgongo haujambo, moyo ndio mgonjwa. Sigara! Na mimi nikinusa magauni unayoniletea niyapanue, nadhani ni moshi wa jikoni. Nimemuuliza mteja wangu muuguzi huku nampima kiuno, nikajifanya ni habari ya mtu baki. Kasema moshi unabana mishipa. Chuchu ikikosa damu inakuwa nyeusi, inakufa. Mimi nikikosea kukata kitambaa natia kiraka. Wewe nitakutia nini? Mwambie daktari. Mficha uchi hazai.

Mama yako


14 Machi

Shikamoo Mama,

Umeamkaje? Usinigombeze. Nimeacha tangu barua yako ifike, leo siku ya tatu, natafuna kucha tu. Nilifika hadi mlangoni kwa daktari, nikageuka. Usimwambie mtu, nakuomba kwa ziwa nililonyonya.

Kitinda mimba wako


26 Machi

Shikamoo Mama,

Sijui nianzie wapi. La kushoto zuri, jepesi, nimesimama wima hadi nikalia. La kulia, chuchu imekuwa nyeusi upande mmoja. Kila asubuhi daktari anaibonyeza aone kama damu inarudi. Jana kaniuliza tena, "Una hakika huvuti?" Mama, siku moja kabla ya kisu woga ulinizidi, nikavuta mbili. Nikamjibu hapana. Hapana tena! Naogopa, Mama.

Kitinda mimba wako


28 Machi

Marahaba mwanangu, na pole,

Sikugombezi, sina uso huo. Tarehe kumi na nane hospitali walinipigia simu, maana uliniandika mimi ndugu wa karibu. Maswali ya fomu tu: ana pumu? Ana kisukari? Anavuta sigara? Nikasimamisha cherehani. Nikawaza ulivyongoja, na ulivyoniomba. Nikawaambia havuti, mwanangu hajawahi hata kuishika. Yule dada akanishukuru, akakata simu, nami nikaendelea kushona.

Barua hii nimempa dereva wa basi la leo, itanitangulia. Mimi napanda gari la kesho. Ukiweza, mwambie daktari kabla sijafika. Ukishindwa, nitamwambia mwenyewe, nianze na uongo wangu.

Mama yako