Nani Ataketi Mkekani kwa Niaba ya Roboti?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa roboti, daraja la kwanza, naomba msaada wako kwa heshima na taadhima, kwani katika ghala la unga hapa Mbale nimeajiriwa kuifundisha roboti yenye mkono wa chuma na akili bandia kuyatambua magunia na kuyapanga, nami niliifundisha, kwa ustadi uliosifiwa na mkurugenzi mwenyewe, kwamba kitu cheupe kilichosimama ni gunia, ila mafunzo hayo niliyakamilisha Jumatatu, na Ijumaa mpakiaji wetu Taban, ambaye nilikuwa nimeswali naye safu moja, alirejea kazini akiwa bado na kanzu, roboti ikamnyanyua kwa adabu, ikampanga juu ya magunia, kisha ikamwekea gunia jingine juu, akavunjika nyonga.

Mkurugenzi ananitaka nitie sahihi tamko kwamba roboti ilijiamulia yenyewe, hivyo hakuna binadamu wa kuwajibika wala wa kugharimia matibabu, na ameniahidi umeneja wa tawi la Jinja, nami nikaenda kumfafanulia nadharia hiyo mama yake Taban, Bi Zulaika, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, baada ya vita kila afande aliyetuumiza alisema aliamriwa. Wewe uliyesoma umetuletea kosa lisilo na hata wa kuamuru. Basi ilete hiyo mashine ikae hapa mkekani, ituombe radhi kama watu."

Je, nimjibu vipi kitaalamu?

Magidu, Mbale

*

Magidu,

Pole, na pole zaidi kwa Taban, ambaye hata katika barua hii amepewa nafasi ndogo kuliko shahada yako. Roboti iliamini ulichoifundisha, nawe unayeswali kila Ijumaa ulisahau kwamba wanaume huvaa kanzu. Kama kweli inajiamulia, mbona umeneja wa Jinja unapewa wewe?

Usitie sahihi. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri ndiye hubeba matibabu na fidia. Sheria haikungoja roboti kulijua hilo. Mpeleke Taban kwa wakili wiki hii, uwe shahidi wake, na mashine izimwe mpaka iweze kumtofautisha Mwislamu na gunia.

Kisha nenda na mkurugenzi wako kwa Bi Zulaika, nyote wawili mvue viatu, mketi mkekani. Mkurugenzi akikataa, nenda peke yako. Nadharia iache mlangoni pamoja na viatu, na sentensi yako ya kwanza ianze kwa neno "mimi", kama ulivyoianza barua hii.