Usiyazimue Maji ya Zuhura

Shikamoo Mama,

Milima ya kwenye picha hii ndiyo ninayoiona dirishani hapa Bigwa, ila leo ukungu umeifunika na baridi inataka shuka mbili. Wageni wa hoteli niliotumwa kuwapima bado wanaharisha. Vimelea nimeviona kwenye vinyesi vyao, lakini sikujua vinaingilia wapi, maana jikoni kila mtu ananiapia kwamba maji ya kunywa yanachemshwa.

Asubuhi nikaomba nikae jikoni nitazame tu. Mpishi, Bi Tatu, akachemsha sufuria mpaka maji yakatokota. Kisha akachota kata mbili za maji ya bomba, yanayotoka moja kwa moja mlimani, akamimina humo humo. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nayazimua, mwanangu. Ya moto hivi wageni watayanywaje?"

Hakuficha hata kidogo. Nikayapima yale ya bomba, na vimelea vimo. Nikakimbilia simu, Mama, na si kwa sababu ya wageni. Nilikukumbuka wewe na kata yako, unavyomzimulia mwanangu Zuhura maji ya kunywa kama ulivyonizimulia mimi.

Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana kadi hii nimempa kondakta wa basi la Dumila akukabidhi mkononi. Ukishachemsha, funika, yapoe yenyewe. Nawaombea uzima nyote wawili mpaka nifike. Zuhura akililia maji, mwache alie.

Mwanao,
Rehema