KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA MNARA WA MASHUJAA, HESSLEHAUGH, KUHUSU NANI AMWITE WILF

Tarehe: 15 Oktoba 2024. Mahali: ukumbi wa kijiji (hita haikuwashwa).

Waliohudhuria: Bw. Julian Prowse (Mwenyekiti), Bi. Camilla Prowse (Mweka Hazina, mkewe), Bw. Giles Tarrant, Bi. Hester Featherstonehaugh, Bw. Norman Dodds (Katibu).

Asiyehudhuria: Bw. Alf Robson. Kondoo wake walivunja ua.

KUMB. NA. 1/24: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuomba ufupi. Yeye mwenyewe alizungumza kwa muda mrefu.

KUMB. NA. 2/24: KUSOMA MAJINA JUMAPILI YA KUMBUKUMBU YA WALIOKUFA VITANI
Katibu alikumbusha desturi: kila jina linapoitwa, ndugu wa marehemu husogea mbele, huitikia "Yupo", kisha huweka ua jekundu. Mwaka jana Mwenyekiti, aliyehamia hapa miaka mitatu iliyopita, alisoma kwa mara ya kwanza. Jina la Wilfred Featherstonehaugh, ambalo bonde zima hulitamka Fensho, alilitamka kwa herufi zote, kama lilivyoandikwa. Dada yake, Bi. Hester, hakusogea. Bi. Prowse ndiye aliyeitikia na kuweka ua. Katibu aliona aibu siku ile na anaiona hadi leo.

Bi. Hester aliomba msomaji awe Bw. Robson, mzaliwa wa hapa. Mwenyekiti alieleza kwamba wageni hufuatilia majina kwenye jiwe na wangechanganyikiwa.

"Mimi nasoma kilichochongwa, bibi," alisema. "Jiwe halikosei."

"Waliolichonga walijua kuliita," alijibu Bi. Hester. "Mama alikuwa anasimama mlangoni anaita, Wilf Fensho, njoo ule. Mwenyekiti, mdogo wangu, huyo unayemwita simjui. Nitamwitikiaje?"

Bw. Tarrant alisema hayo ni mambo madogo. Katibu aliomba maneno hayo yaandikwe, na ameyaandika.

Kura zilipigwa: watatu walitaka Mwenyekiti asome, wawili walipinga. Bw. Robson angekuwepo zingelingana, ingawa kura ya turufu ni ya Mwenyekiti.

Bi. Hester alisema ana miaka themanini na minane, na alitaka kumwitikia kaka yake mara moja zaidi tu.

"Basi msimsome kabisa," alisema. "Mwacheni alale."

Alichukua koti lake akatoka. Hakuna aliyemsindikiza isipokuwa Katibu, aliyeishia mlangoni kwa sababu kikao kilikuwa kinaendelea. Anajuta.

Mwenyekiti alieleza kwamba jina lililo kwenye jiwe haliwezi kurukwa. Iliamuliwa kwamba Bi. Prowse aendelee kuitikia "Yupo" kwa niaba ya familia.

KUMB. NA. 3/24: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa mbili na robo usiku. Mwenyekiti alishukuru kwa moyo wa umoja.

J. Prowse, Mwenyekiti ..................

N. Dodds, Katibu ..................
(Nimesaini kuwa haya yalisemwa. Sijasaini kuwa nimeridhika.)