Nyota Tano za Mama Pacha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na kile kikohozi kimekuacha? Huku wote wazima. Mama hajui kama nakuandikia. Nimechagua karatasi kwa sababu simu ya duka siku hizi haimtoki mkononi.

Lile duka la mtandaoni ulilotufungulia kabla hujaondoka linakwenda. Nilipiga picha magauni yote aliyoshona Mama, nikaandika vipimo na bei, maelezo kwa lugha zote mbili kama ulivyoniagiza. Mwezi mzima watu walitazama wakapita. Mama akawa anauliza, mtu ambaye hajaigusa nguo ataiamini vipi? Akasema yeye mwenyewe asingenunua hata kitambaa cha kufutia meza kwa kutazama picha.

Kisha maoni ya wateja waliosema waliwahi kununua kwake zamani yakaanza kuingia. Matano, yote nyota tano. Ya Mama Pacha ndiyo yaliyomgusa zaidi: kwamba gauni lake limefuliwa mara kumi na mshono haujaachia hata uzi. Mama aliyasoma kwa sauti kila baada ya chakula. Fundi viatu wa mlango wa pili naye akasomewa, mpaka akasema haya, tumekubali, wewe ni fundi wa dunia, sasa tuache na sisi tupige misumari yetu. Oda tatu zikaja, tukazituma.

Wiki iliyopita nilitoka shule nikakuta mezani vigauni viwili vya njano, vidogo, vifungo vimeshonwa kwa mkono. Mama akasema ni zawadi ya wale pacha, nimwombe mama yao anwani.

Dada, hakuna pacha. Mama Pacha ni mimi. Na wale wanne wengine ni mimi. Unanijua, mbele za watu hata jina langu linanikwama, lakini pale kwenye simu nilipata ndimi tano.

Nilikaa nalo siku tatu, kisha nikamwambia Mama huku nimemgeuzia mgongo. Cherehani ikanyamaza. Akauliza kama na zile oda tatu ni mimi. Nikasema hapana. Akaniamuru nifute maoni yote mbele yake, moja baada ya jingine. Halafu akawapigia wale wateja mwenyewe. Wawili hawakupokea. Wa tatu, mwalimu, akasema gauni ni zuri ila mkono unambana akiandika ubaoni. Mama akamwomba aandike hivyohivyo dukani. Akaandika. Nyota tatu.

Ndiyo maoni pekee tuliyo nayo sasa. Mama aliyasoma mara mbili, kimyakimya, akachukua futi kamba, akaniambia nisimame niinue mkono kama mtu anayeandika ubaoni. Hajasema amenisamehe. Ila nilipochoka nikaushusha, alisema, bila kuniangalia, juu, Mwalimu, juu, bado sijamaliza.

Msalimie shemeji. Ukiwa na la kunigombeza, liandike lote, nimestahili.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya