Mkono wa Dirishani

Zwolle, 3 Februari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Habari za Makkum, na kifua chako na baridi hii? Mimi mzima, ila nimekukumbuka, na miaka sita ya kununiana imenichosha.

Najua ulitaka nirithi karakana yako ya useremala, nikakimbilia kile ulichokiita michezo ya plastiki. Sasa nafundisha, na nachora kwa kompyuta viungo vya vikaragosi vinavyojiendesha. Mashine ya shule inavichapa kwa plastiki, wanafunzi wanavifunga mota. Darasa langu linatengeneza kikaragosi cha mzee anayesimama dirishani kumpungia mgeni anayeondoka mpaka apotee kwenye kona, kama tunavyoagana huku. Vidole vyake vinakatika kila siku. Naomba vipimo vya mkono wako wa kulia.

Siku nilipoondoka hukutokea dirishani. Niligeuka nyuma mpaka kituo cha basi.

Binti yako,
Wietske

Makkum, 9 Machi

Binti yangu,

Barua nimeipata. Kifua kizima, upepo ndio ule ule. Samahani kwa kuchelewa.

Mchoro wa mkono huu hapa. Umenyooka, maana mkono ulitulia mezani bila kutikisika. Vidole vyenu vinakatika kwa sababu mnavichapa vimesimama, tabaka juu ya tabaka. Vilazeni. Mbao nayo hupasuka kufuata nyuzi zake. Umekulia karakanani, na hilo hukulishika? Tundu la bawaba nalo lizidi pini kidogo, unene wa karatasi mbili, la sivyo kiungo kitakwama.

Baba yako

Zwolle, 14 Machi

Baba,

Hujambo kweli? Tumevilaza vidole, havikatiki tena. Leo Femke, mwanafunzi anayefunga mota, ameweka mkono wake juu ya mchoro wako akauliza, "Mwalimu, huyu babu alishika penseli kwa mkono gani?"

Uliochorwa ni wa kulia, basi penseli ilikuwa kwenye wa kushoto. Wewe wa kushoto hujawahi kushikia hata kijiko. Ndipo nikautazama mwandiko wako vizuri: si ule wa zamani.

Niambie ukweli.

Binti yako,
Wietske

Makkum, 20 Machi

Mwanangu,

Ni mzima nusu. Nilipata kiharusi mwezi wa Novemba, na mkono wa kulia hauinuki. Sikutaka uje kwa kunihurumia.

Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikupungia, pazia likiwa limefungwa. Nilidhani utarudi mwezi ule ule, nitakupungia vizuri safari nyingine.

Baba yako

Makkum, 6 Aprili

Wietske mwanangu,

Ufike salama. Umeondoka sasa hivi, basi lako hata Bolsward halijafika, na chai yako bado ina joto. Mkate wa sukari umeusahau mezani. Nitaula mimi, usinilaumu.

Nilipunga kwa mkono wa kushoto. Ule wa wanafunzi wako, ulioniletea, niliuwasha kama Femke alivyoagiza, ukapunga badala ya wangu wa kulia. Jirani yangu Gerbrich kavuka barabara kuja kuuliza kama nimepona. Mwambie Femke bawaba ya kidole gumba inalia kidogo, aitie mafuta akija nawe.

Uligeuka mara nne, nilihesabu. Ulipopotea kwenye kona nikaushusha mkono wangu. Ule mwingine bado sijauzima.

Baba yako